Hodi! Nani? Historia ya Skrini Inayokuuliza Jina



Leo natetea kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akikitetea: ile skrini ya kwanza ya kompyuta, inayokuuliza jina na paswadi kabla haijakuonyesha chochote. Wengi hawaipendi. Mtu akinunua mashine ya mtumba Eldoret, kitu cha kwanza anamwambia fundi ni, "Nitolee hiyo maneno ya paswadi, nataka ikiwaka iingie tu." Fundi anabonyeza mara mbili tatu, mambo yameisha, kila mtu ana furaha.

Mimi sina shida na huyo mtu kama mashine ni yake peke yake na inalala kwake. Lakini huku Kaptagat ni nani ana mashine ya peke yake? Laptopu moja ni ya nyumba nzima. Dada anaandikia kazi ya chuo hapo, mdogo wake anacheza gemu, mzee anataka kuona malipo ya maziwa, na binamu amekuja kujaza fomu ya HELB. Wote wanaingia kwa mlango mmoja usio na komeo, wanakaa kwa kiti kimoja, na kila mmoja anaacha barua zake mezani.

Ninachosema ni hiki: ile skrini haikubuniwa na matajiri wenye mashine ya kila mtu. Ilibuniwa na watu waliokuwa wanagawana mashine moja, kama sisi. Wenzetu huko nje walipata pesa, kila mtu akanunua yake, wakasahau kwa nini mlango uliwekwa. Sisi bado tunagawana, halafu tunaiga setingi za watu wasiogawana. Hapo ndipo tunajiumiza.

Twende polepole, kuanzia mwanzo.

Mashine moja, foleni ndefu

Mwaka wa 1961 kompyuta ilikuwa kubwa kama chumba, na bei yake ilikuwa ya taasisi. Ukitaka kuitumia, unatoboa programu yako kwenye kadi za karatasi, unampelekea mhudumu, unaenda zako. Majibu unapata baada ya masaa, au kesho. Ukisahau koma moja, unaanza upya. Ni kama kupeleka mahindi kwa posho mill siku ya soko: gunia lako liko kwa foleni na wewe umekaa tu nje ukingoja kuitwa.

Pale MIT, chuo cha Marekani, Fernando Corbató na wenzake walichoka na hiyo foleni. Novemba 1961 wakaonyesha mfumo wao unaoitwa CTSS. Wazo lilikuwa mashine moja ihudumie watu kadhaa kwa wakati mmoja. Inampa huyu sehemu ndogo ya sekunde, inaruka kwa yule, inarudi, haraka kiasi kwamba kila mmoja anahisi ni yake pekee.

Sasa hapo shida mpya ikazaliwa. Kama watu wengi wanatumia mashine moja, faili za nani ni za nani? Na masaa yakigawanywa, nani amemaliza yake? Corbató akachagua jibu rahisi: kila mtu awe na jina, na kila jina liwe na neno la siri. Kwa hivyo paswadi ya kompyuta ilianza kama mpaka wa shamba kati ya majirani. Mwizi wa mbali, yule wa intaneti, hakuwa hata amezaliwa.

Na majirani ni majirani. Mwaka wa 1962 mwanafunzi mmoja wa uzamifu pale, Allan Scherr, alikuwa amepewa masaa manne kwa wiki na kazi yake ilihitaji zaidi. Aligundua kwamba unaweza kuomba faili yoyote ichapishwe kwa karatasi ukijua jina lake. Akaacha ombi Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi akaokota orodha nzima ya paswadi za watu. Akaendelea kutumia masaa ya wenzake. Alikaa na hiyo siri karibu miaka 25 ndiyo akasema.

Angalieni umri wa hilo tatizo. Paswadi ilikuwa bado mtoto mchanga na tayari mtu ameshapita kando yake.

Tangazo lililomwaga siri zote

Hii inayofuata ndiyo huwa nawaambia wale wanaodhani setingi ni mambo madogo.

CTSS ilikuwa na kitu kizuri: ukiingia, inakuonyesha tangazo la siku. Labda mashine itazimwa kesho, labda kuna mkutano. Tangazo lilikuwa faili ya kawaida ambayo wasimamizi wanahariri. Paswadi pia zilikuwa faili, na wasimamizi haohao walikuwa wanaihariri.

Siku moja, katikati ya miaka ya 1960, wasimamizi wawili walikuwa kazini kwa wakati mmoja. Mmoja anarekebisha tangazo, mwingine anarekebisha paswadi. Programu ya kuhariri ilikuwa inatumia faili ya muda yenye jina lilelile kila mara, kwa sababu aliyeiandika hakuwaza kwamba watu wawili wataifungua pamoja mahali pamoja. Faili mbili zikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia mchana huo, badala ya tangazo la siku, alisomewa paswadi za watumiaji wote, jina kwa jina.

Corbató mwenyewe aliisimulia hii hadharani alipopokea tuzo ya Turing, ambayo ni kama Nobel ya watu wa kompyuta. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Kilichovuja kilivujia mlangoni, pale mtu anapokaribishwa.

Jamaa aliyekataa mlango

Sasa nimpe nafasi mtu wa upande ule mwingine, kwa sababu hoja yake si ya kijinga.

Richard Stallman alikuwa MIT miaka ya 1970, kwa maabara ambayo mashine zake hazikuwa na paswadi. Mtu yeyote anaketi, anafanya kazi. Mwaka wa 1977 maabara nyingine ya hapohapo ikaweka mfumo wa paswadi. Stallman akatafuta njia ya kuzifumbua, kisha akawatumia watu ujumbe: naona paswadi yako ni hii, mbona usiifute, ubonyeze tu Enter? Inasemekana sehemu ya tano hivi ya watumiaji walimsikiliza. Kwake paswadi ilikuwa njia ya wasimamizi kuwatawala watumiaji. Mwaka wa 1983 alitangaza mradi wa GNU, na vipande vyake vikaungana na kernel ambayo Linus Torvalds alianza Helsinki mwaka wa 1991. Hiyo ndiyo Linux tunayotumia. Kumbe mfumo wetu, wenye milango mingi hivi, una mzazi aliyekuwa hapendi milango.

Namwelewa kabisa. Hapa Kaptagat tunajua kugawana. Kambi ya Global Sports, ambayo Eliud Kipchoge aliifanya ijulikane dunia nzima akiwa na kocha Patrick Sang, inaendeshwa hivyo: wanaishi pamoja, wanakula pamoja, na kazi za usafi zina zamu, hata kwa bingwa wa Olimpiki. Lakini viatu vya mbio kila mtu ana vyake. Kugawana nyumba si kugawana kila kilicho ndani yake.

Na maabara ya Stallman ilikuwa na watu wanaojuana, wenye nguvu sawa. Mashine ya saiba haiko hivyo. Wewe umelipa dakika kumi, na anayekaa baada yako hamjuani kabisa.

Neno moja na nukta mbili

Mwaka wa 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walianza kazi iliyokuja kuitwa Unix, na Linux ilifuata mtindo wake. Mlango wa Unix ulikuwa neno moja kwenye skrini nyeusi: login, na nukta mbili. Hata leo ukiwa kwa Linux nyingi, bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja. Utakutana na neno lilelile, halijabadilika. (Kurudi ulikotoka, jaribu F1, F2 au F7, inategemea mashine.)

Majina ya watu yaliwekwa kwenye faili inayoitwa /etc/passwd, ambayo kila mtumiaji aliweza kuisoma. Paswadi zilikuwa humo pia, zimefumbwa. Wazo lilikuwa: ukiona mafumbo huwezi kurudi nyuma ukapata neno lenyewe. Mwaka wa 1979 Robert Morris na Thompson wakaandika utafiti wao kuhusu hilo. Walikusanya paswadi 3,289 za watu na wakapata 2,831 kati yake kirahisi, yaani asilimia 86, kwa sababu watu walikuwa wametumia herufi mbili tatu, au neno la kamusi. Fumbo lilikuwa sawa. Watu ndio walikuwa wavivu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mafumbo yakahamishiwa faili nyingine, /etc/shadow, ambayo msimamizi pekee ndiye huisoma. Jina la passwd likabaki, paswadi zikaondoka.

Na hii ni ya kujifurahisha: faili ya zamani ya wazee wa Unix iliwahi kuhifadhiwa, na mwaka wa 2019 watu wakaamua kuzifumbua paswadi zao. Ya Thompson ilichukua siku kadhaa kwa mashine ya kisasa yenye nguvu. Ilikuwa p/q2-q4! na hiyo ni hatua ya kufungulia mchezo wa chesi. Herufi nane tu, lakini ilikaa miaka karibu arobaini.

Mlango unapakwa rangi

Mpaka hapo kila kitu ni maandishi. Kisha ikaja X, mfumo wa madirisha na kipanya, uliozaliwa MIT mwaka wa 1984. Mwanzoni ulikuwa unaingia kwa lile neno jeusi, halafu unaamuru picha zianze. Mwaka wa 1988 Keith Packard akaandika XDM, programu ambayo kazi yake ni moja: kukaa mlangoni ikiwa na picha, iulize jina, ihakikishe, kisha ikufungulie deskitopu yako. Hiyo ndiyo babu ya mameneja wote wa logini.

Fikiria mtu akipiga hodi. Anayeuliza "Nani?" si mwenye nyumba, ni mtu wa mlangoni. Yeye hakai na wewe sebuleni. Akishakutambua anakukabidhi na kurudi mlangoni. Kwa Linux huyu mtu wa mlangoni ni programu tofauti, unaweza kumfuta kazi na kuajiri mwingine bila kuhama nyumba. Hiyo Windows haikupi.

XDM ilikuwa na kipaji kingine. Kuanzia mwaka wa 1989 iliweza kufungua mlango kwa mashine iliyo mbali: kompyuta moja yenye nguvu iko chumba kingine, na mbele yako una skrini na kibodi tu. Mwaka wa 1999 mradi wa LTSP ukachukua wazo hilo ukawapa shule: okota kompyuta zilizochoka, hata zisizo na diski, ziunganishe na seva moja nzuri, na kila mwanafunzi anaingia kwa jina lake akiwa ameketi popote. Kazi yake inamfuata. Fikiria maabara ya shule ya kijijini ambapo haijalishi umeketi kompyuta namba ngapi.

KDE na GNOME, zilizoanza 1996 na 1997, zikaja na watu wao wa mlangoni, KDM na GDM. Hawa ndio walizoesha watu kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida: picha na majina ya watumiaji yamepangwa kwa skrini, unabonyeza lako. Inapendeza. Lakini ona kilichotokea. Zamani mlango ulikuwa unakuuliza wewe ni nani. Sasa unakutajia watu wote wa nyumba hiyo kabla hujasema lolote. Kwa nyumbani ni sawa. Kwa ofisi ya zahanati, au mahali ambapo jina la mtu kuwepo tu ni habari, si sawa.

Halafu mwaka wa 2010 Robert Ancell wa Canonical akaanzisha LightDM, mlinzi mwepesi, na Ubuntu ikamwajiri Oktoba 2011. Ndiye unamkuta kwa Linux Mint na kwa mashine nyingi ndogo za mtumba. Ukifungua faili yake ya setingi utakutana na neno Seat. Ndiyo, kiti. Kwa Linux, kiti ni skrini, kibodi na kipanya chake, na mashine moja inaweza kuwa na viti kadhaa, watu wakiwa wamekaa pamoja, kila mtu na kazi yake. Mwaka wa 2012 Fedora 17 ilifanya hilo liwe jambo la kuchomeka waya tu. Yaani miaka hamsini baada ya CTSS, wazo lilelile la kugawana lilikuwa limerudi kwa bei ya chini. Na karibu hakuna mtu mtaani anajua lipo.

Mgeni wa siku moja

Sasa tufike kwa setingi ninayoipenda kuliko zote: kikao cha mgeni.

Ubuntu iliileta Oktoba 2008. Mgeni anabonyeza, anaingia bila paswadi, anapata deskitopu safi. Anafungua barua pepe, anajaza fomu, anachapisha. Akitoka, kila kitu alichofanya kinafutwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kikao cha mgeni siku ya tatu haifiki. Kila akija ni siku ya kwanza, na hakuna alichoacha nyuma.

Kama kuna kitu kilitengenezwa kwa saiba zetu bila kujua, ni hicho. Halafu mwaka wa 2017 ikagundulika kwamba katika Ubuntu 16.10 na 17.04, mabadiliko ya ndani ya mfumo yalikuwa yamevunja ule uzio uliomzuia mgeni. Mgeni aliweza kutoka sebuleni akaingia kusoma folda za wenye nyumba. Canonical wakakizima. Oktoba mwaka huohuo Ubuntu ikarudi kwa GDM, na kikao cha mgeni hakikurudi nayo.

Sikatai kwamba walifanya vizuri kukizima kikiwa kimebomoka. Ninachouliza ni kwa nini hakuna aliyeona haraka ya kukirudisha. Nadhani ni kwa sababu wanaoamua hawana wageni. Kila mtu kwao ana laptopu yake, simu yake, na mgeni akija anakuja na zake.

Na kuna jambo la pili linaloonyesha fikra hizohizo. Kwa miaka mingi Ubuntu ilikuwa inaacha folda ya kila mtumiaji isomeke na watumiaji wengine wa mashine hiyo. Ilibadilishwa Aprili 2021, toleo la 21.04. Kwa hivyo kama mashine yenu ina toleo la kabla ya hapo, au iliboreshwa tu kutoka toleo la zamani, kuwa na akaunti mbili peke yake hakufungi chochote.

Huku kwetu

Nyaya za intaneti za baharini zilifika Mombasa mwaka wa 2009, TEAMS na SEACOM. Mwaka wa 2014 eCitizen ikazinduliwa. Tangu hapo serikali imehamia kwa skrini: KRA, KUCCPS, HELB, cheti cha polisi, leseni, sasa SHA. Serikali imehamia huko, lakini kompyuta hazikutufuata nyumbani. Kwa hivyo tunaenda saiba. Angalia foleni ya tarehe 30 Juni uone.

Na kwa saiba, mashine nyingi zinawaka zikiingia moja kwa moja kwa akaunti moja ya wote. PDF ya kitambulisho chako inabaki kwa folda ya Downloads. Barua pepe inabaki wazi. Kivinjari kinauliza kama kihifadhi paswadi na mtu mwenye haraka anabonyeza ndiyo. Saiba nyingine wanakuandikia paswadi yako kwa daftari, kwa upendo kabisa, "ndiyo usisahau." Scherr alihitaji ujanja wa Ijumaa usiku. Sisi tunampa mtu daftari.

Kuna sheria. Ile ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 inasema kuingia bila ruhusa ni faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kulinda data. Nzuri. Lakini sheria inachukulia kwamba mlango upo. Kama watu arobaini wanatumia akaunti moja, nani aliingia bila ruhusa?

Shule moja niliyosoma, maabara nzima ilikuwa na jina moja la kuingilia na paswadi moja, na zote mbili zilikuwa zimeandikwa ubaoni. Mwaka mmoja kazi za mradi wa kompyuta za watu wa Form Four zilifutika zikiwa karibu kukamilika. Aliyelaumiwa ni kijana wa mwisho kuonekana akiketi pale. Hakuna rekodi ingeweza kumtetea, kwa sababu kwa mashine hiyo watu wote walikuwa mtu mmoja. Hiyo ndiyo bei ya mlango usiouliza jina, na watu huisahau. Tunafikiri jina linalinda siri peke yake. Jina humlinda pia asiye na hatia.

Lugha nayo ni sehemu ya mlango. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zikiitwa Jambo OpenOffice. Leo orodha ya lugha za Linux ina Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, na kibodi ya Kenya ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni watu wa kutafsiri sentensi zenyewe, kwa hivyo unachagua Kiswahili na nusu ya skrini inabaki Kiingereza. Shosho yako akiulizwa "Nani?" kwa lugha asiyoijua, ataomba mtu amsaidie kuingia, na huyo mtu ndiye atajua paswadi yake.

Setingi zenyewe

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na siku hizi pesa ya bando inatoka kwa kuwekea watu Linux kwa mashine zilizochoka. Hivi ndivyo huwa naacha mlango, kulingana na nani anaishi ndani.

Mashine ya nyumba: kila mtu akaunti yake, hata mtoto. Picha na majina yabaki kwa skrini, hakuna shida. Kuingia moja kwa moja kuzimwe. Anayejua paswadi ya msimamizi awe mmoja au wawili.

Mashine ya saiba: weka Linux Mint, fungua setingi za dirisha la kuingilia, upande wa watumiaji, washa kikao cha mgeni. Kinakuja kikiwa kimezimwa, na wengi hawajui kipo. Kijaribu mwenyewe kwanza: ingia kama mgeni, uone kama unaweza kufungua folda ya mwenye mashine. Ukiweza, rekebisha ruhusa za folda hiyo kabla hujaruhusu mteja. Na kuingia moja kwa moja kwa akaunti ya mwenye saiba, zima kabisa.

Mashine ya ofisi, zahanati au chama: ficha orodha ya majina, mtu aandike lake. Kwa LightDM, fungua faili ya /etc/lightdm/lightdm.conf ukiwa msimamizi, na chini ya kichwa cha kiti uandike hivi:

[Seat:*]
greeter-hide-users=true
greeter-show-manual-login=true
allow-guest=false

Kwa Ubuntu ya kawaida yenye GDM, kuingia moja kwa moja kunakaa kwenye /etc/gdm3/custom.conf. Tafuta mstari wa AutomaticLoginEnable, uufanye false. Kabla ya kugusa faili yoyote kati ya hizi, inakili pembeni kwanza. Na msihariri wawili kwa wakati mmoja. Mnakumbuka lile tangazo la siku.

Kazi yote haimalizi dakika kumi na tano. Haihitaji intaneti ukishakuwa na mfumo wenyewe, na haihitaji mashine mpya.

Kwa hivyo mkinunua mashine ya nyumba na fundi aulize kama atoe paswadi, muulizeni yeye swali kwanza: "Itatumiwa na watu wangapi?" Wakizidi mmoja, mwambieni aweke majina. Na wewe mwenye saiba, mteja wako anayekuja na kitambulisho na PIN ya KRA amekuamini kuliko anavyowaamini majirani zake. Mpe kikao chake, na akiondoka kiondoke naye.